Hasara Isiyoandikwa

Kuna dakika tano za mpira wa Kimarekani ambazo nimezirudia kwenye kompyuta yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ndani yake hakuna mpira uliopotea, na timu inayoshambulia inafika mwisho wa uwanja na kufunga. Ndizo dakika zilizowatoa mashindanoni.

Ni tarehe 16 Januari 2016, mechi ya mtoano ya ligi ya NFL. Kansas City Chiefs wako ugenini kwa New England Patriots, nyuma kwa pointi 14: 27 kwa 13. Zimebaki dakika sita na ushee na wanahitaji kufunga mara mbili. Kwotabeki wao, Alex Smith, anaanza safari ya yadi 80. Pasi fupi. Wanajipanga. Pasi fupi nyingine. Wanajipanga tena, taratibu, kama watu wanaongoja daladala ambayo wana hakika itakuja. Baada ya mashambulizi 16 na zaidi ya dakika tano, wanafunga. Saa inaonyesha imebaki dakika moja na sekunde 13. Hawafungi tena. Mchezo unaisha 27 kwa 20.

Aliyenionyesha mkanda huu ni kijana ninayeishi naye nyumba moja, mzaliwa wa Kansas City. Mwaka ule alikuwa bado sekondari, na aliitazama mechi hiyo pamoja na baba yake. "Hakuwahi kutuangusha," aliniambia kuhusu Smith, tukiwa jikoni, ugali wangu ukiwa jikoni na yeye akiukodolea macho kama kawaida yake. "Lakini kila mwaka tulianguka."

Nilikuja Marekani kusoma shahada ya uzamili ya takwimu, na sikuwa na mpango wa kuupenda mchezo huu. Lakini sentensi ile ilinikaa. Kwa miaka mitano, 2013 hadi 2017, watu wa Kansas City walibishana juu ya swali moja: je, Smith angepaswa kuthubutu zaidi, kutupa pasi ndefu na za hatari, hata kama baadhi zingenaswa na wapinzani? Nimelifuatilia swali hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili mtu mwenye tasnifu ya kumaliza. Nadhani wengi waliolibishania, wa upande huu na wa upande ule, walikuwa wakisoma daftari lenye kurasa zilizochanwa.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye kandanda kama mimi, maelezo machache. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikifanikiwa, inapata mengine manne. Kwotabeki ndiye anayeamua: aupitishe mpira kwa mkimbiaji, au autupe mbele kwa mpokeaji. Akiutupa na mpinzani akaudaka, mpira umechukuliwa hapo hapo. Hiyo ndiyo pasi kunaswa, na ndiyo jinamizi la kila kwotabeki. Lakini kuna njia nyingine ya kupoteza mpira. Majaribio matatu yakishindikana, kwa kawaida katika la nne anaingia mchezaji maalumu na kuupiga kwa teke mbali kadiri awezavyo, ili wapinzani waanzie nyuma. Nao ni kuukabidhi mpira kwa adui, ila kwa adabu.

Sasa tazama daftari linavyoandikwa. Pasi ikinaswa, inaandikwa mbele ya jina la kwotabeki, na itabaki pale hata atakapokuwa babu. Akitupa pasi tatu fupi zisizofika kokote, na mpira ukapigwa kwa teke, hesabu inaenda kwenye safu ya mpiga teke. Kwa kwotabeki hakuna doa. Daftari lina safu ya pasi zilizonaswa. Halina safu ya pasi zilizostahili kutupwa na hazikutupwa.

Kwa hesabu za daftari hilo, Smith alikuwa bora. Akiwa Chiefs alianza michezo 76 ya msimu wa kawaida na kushinda 50. Mwaka 2015 alitupa pasi 312 mfululizo bila hata moja kunaswa. Wamarekani wana jina la mchezaji wa namna hii: msimamizi wa mchezo. Husikika kama sifa mpaka utakapomsikia shabiki akilitamka.

Safu nyingine za hesabu zinaeleza kwa nini. Katika msimu mzima wa 2014, hakuna mpokeaji wa pembeni hata mmoja wa Chiefs, yaani wale wanaokimbia mbali, aliyepokea pasi ya kufunga. Msimu mzima, michezo 16, sifuri. Na kwenye mechi za mtoano, ambako ukipoteza unakwenda nyumbani, Smith aliiongoza Chiefs mara tano na kushinda mara moja. Katika mechi nne alizopoteza, pasi zake zilizonaswa zilikuwa ngapi? Moja. Mechi nne, vipigo vinne, pasi moja tu.

Nilipoipata namba hiyo niliiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza yangu. Kama kutokukosea ndiyo njia ya kushinda, mtu huyu alipaswa kuwa na kabati la makombe.

Haki inataka niseme upande wake. Mechi ya kwanza kati ya hizo nne, Januari 2014 dhidi ya Indianapolis, haikuwa ya mtu mwoga hata kidogo: Smith alitupa pasi nne za kufunga, timu yake ikaongoza 38 kwa 10, kisha safu ya ulinzi ikabomoka na wakafungwa 45 kwa 44. Hapo huwezi kumdai chochote. Na ile safari ya taratibu ya New England haikuwa yake peke yake. Kocha Andy Reid ndiye mwenye saa na mwenye mipango. Lakini mwaka uliofuata, Januari 2017, Pittsburgh walikuja Kansas City na hawakufunga tachidauni hata moja. Pointi zao zote 18 zilitokana na mateke sita ya pointi tatu tatu. Ulinzi wa Chiefs ulikuwa umefanya kila kilichoombwa. Smith akatupa pasi 34, akapata yadi 172 tu, na wakafungwa 18 kwa 16.

Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la uwanja wa mtaani nyumbani anamjua mchezaji huyu. Ni kiungo anayepiga pasi za nyuma. Akibanwa, nyuma. Akiwa huru, pembeni. Dakika 90 zikiisha, mtangazaji atasema hakupoteza mpira. Ni kweli, hakupoteza. Aliyepoteza ni beki aliyerudishiwa mpira akiwa amezungukwa, au mshambuliaji aliyekimbia mara 20 kwenye nafasi bila kupewa kitu, mpaka akaacha kukimbia. Hasara ipo palepale, imehamishiwa tu jina la mtu mwingine.

Nilitaka kuishia hapo, na kuhukumu kwamba Smith alipaswa kuthubutu. Lakini wazee wana msemo: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na NFL ina mashujaa wake wa kulia.

Mwaka 2019 Jameis Winston wa Tampa Bay alitupa pasi za jumla ya yadi 5,109, pasi 33 za kufunga. Pia alitupa pasi 30 zilizonaswa, na saba kati ya hizo wapinzani walizikimbiza mpaka mwisho wa uwanja na kufunga wao. Timu yake ilishinda michezo 7 na kupoteza 9. Pasi yake ya mwisho kwa Tampa Bay, katika muda wa nyongeza, ilinaswa na kuwa bao la wapinzani. Msimu uliofuata nafasi yake alipewa Tom Brady, na timu hiyo ikachukua ubingwa. Kwa hiyo anayemwambia kijana "thubutu tu, thubutu tu" amwambie pia habari za Winston. Aaron Rodgers naye amekuwa miongoni mwa makwotabeki wakubwa kabisa wa zama zake huku pasi zake zikinaswa kwa nadra sana. Uchache wa makosa peke yake hauthibitishi woga, kama wingi wake usivyothibitisha ujasiri.

Basi swali la "athubutu zaidi au asithubutu" limeulizwa vibaya. Linaichukulia hatari kama chumvi, kwamba unaongeza kidogo au unapunguza kidogo kwenye sufuria zima. Hatari ina mahali pake. Ukiwa unaongoza, na uko karibu na lango lako, pasi ya kubahatisha ni upuuzi. Ukiwa nyuma kwa pointi 14 na dakika sita zimebaki, pasi fupi ndiyo ya kubahatisha, maana unabahatisha kwamba saa itakusubiri. Na katika jaribio la tatu, zikiwa zimebaki yadi nyingi, hesabu ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mpira wa teke huwarudisha wapinzani wastani wa kama yadi 40. Pasi ya yadi 40 ikinaswa, na aliyeinasa akaangushwa hapo hapo, imefanya karibu kazi ile ile. Ikidakwa na mtu wako, umepata kila kitu. Tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili ni jina litakaloandikwa.

Hapo ndipo ninapofikia ninachotaka kusema juu ya Smith. Tahadhari yake iliilinda timu mara nyingi. Lakini ilikuwa pia tahadhari ya mtu anayelinda jina, na nadhani najua alikoitoa.

Mwaka 2005 alichaguliwa na San Francisco 49ers akiwa wa kwanza kati ya vijana wote walioingia ligi. Ana miaka 20. Msimu huo alitupa pasi moja ya kufunga, na 11 zikanaswa. Rodgers, aliyechaguliwa wa 24 siku ile ile, akawa kipimo ambacho angepimwa nacho kila mwaka. Mashabiki wake mwenyewe walimzomea. Karibu kila msimu aliletewa mwalimu mpya wa mashambulizi na lugha mpya. Alipokuja kupata utulivu, chini ya kocha Jim Harbaugh mwaka 2011, alijifunza kuupoteza mpira kwa nadra, na timu ikashinda michezo 13 kati ya 16. Mwishoni mwa Oktoba 2012 alikamilisha pasi 18 kati ya 19 katika mchezo mmoja. Wiki mbili baadaye akaumia kichwa, Colin Kaepernick akaingia mahali pake, na Smith hakurudishiwa nafasi. Mtu aliyepitia hayo, akipewa timu ya pili, atashika mpira kwa mikono miwili. Wewe ungefanyaje? Mimi najua ningefanyaje.

Nani angemwita mwoga? Novemba 2018, akiwa Washington, mguu wake ulivunjika vibaya uwanjani, ukaingia maambukizi yaliyohatarisha maisha yake. Alifanyiwa upasuaji mara 17. Oktoba 2020 alirudi kucheza. Ujasiri wa mwili alikuwa nao kuliko watu wengi watakaowahi kuandika habari zake. Lakini ujasiri wa kuonekana umekosea ni kitu kingine, na mtu anaweza kuwa na huu akakosa ule.

Ushahidi wangu ni msimu wa 2017. Aprili ya mwaka huo Chiefs walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili kumchagua kijana wa Texas Tech aitwaye Patrick Mahomes. Kila mtu alielewa maana yake: Smith ana mwaka mmoja. Tarehe 7 Septemba, mchezo wa kwanza wa msimu, walirudi kwa Patriots, uwanja ule ule wa safari ya taratibu. Smith alitupa pasi nne za kufunga, yadi 368. Moja ilikuwa ya yadi 75 kwa Tyreek Hill, nyingine ya yadi 78 kwa Kareem Hunt. Chiefs walishinda 42 kwa 27. Msimu ulipoisha alikuwa na pasi 26 za kufunga, wakati mwaka uliotangulia alikuwa na 15. Ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa alama ya ubora wa pasi.

Na zilizonaswa? Mwaka 2016, mwaka wa tahadhari, zilikuwa 8. Mwaka 2017, mwaka wa pasi ndefu, zilikuwa 5.

Hii ndiyo namba iliyonifanya nifunge kompyuta na kutembea nje kwenye theluji. Wengi hupenda kumlinganisha Smith na Mahomes, na ni kweli kwamba mwaka 2018, chini ya kocha yule yule, Mahomes alitupa pasi 50 za kufunga na 12 zikanaswa, na timu ikapata pointi 565 kutoka 415 za mwaka uliotangulia. Lakini ulinganisho huo hauna haki. Mahomes ana mkono ambao Mungu hagawi kila siku. Hatari kwake si hatari ile ile kwa mwenzake. Mtu wa kumlinganisha na Smith ni Smith. Mtu yule yule, kocha yule yule, alithubutu zaidi, na hakuadhibiwa. Ukuta alioishi akiuogopa ulikuwa hatua kadhaa nyuma ya pale alipodhani upo. Kwa maoni yangu aliligundua hilo kwa sababu hakuwa tena na kitu cha kulinda. Kazi ilikuwa imeshakwenda. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Smith alikuwa ameshalia, basi akatupa.

Halikumwokoa. Januari 2018 Chiefs waliongoza Tennessee 21 kwa 3 mapumziko, hawakupata pointi hata moja kipindi cha pili, wakafungwa 22 kwa 21. Hakuna pasi ya Smith iliyonaswa. Mwisho wa mwezi ule habari za kuuzwa kwake Washington zikatoka. Miaka miwili baadaye, Februari 2020, Mahomes alikuwa kwenye Super Bowl, nyuma 20 kwa 10 katika robo ya mwisho, pasi zake mbili zimeshanaswa, jaribio la tatu na yadi 15 za kwenda. Akatupa mbali kwa Hill, yadi 44. Walishinda 31 kwa 20. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba pasi ile ilikuja baada ya mbili kunaswa. Daftari lake usiku ule lilikuwa chafu tayari, na hakujali.

Tasnifu yangu inahusu bei za mahindi katika masoko ya nyumbani. Takwimu zina mapengo: wiki ambazo soko halikuripoti bei. Njia ya kawaida ni kujaza pengo kwa wastani na kuendelea, na ndivyo nilivyofanya. Lakini kwa muda mrefu nimeshuku kwamba mapengo hayakuja kwa bahati. Mengi yako kwenye masika, barabara zinapokatika, na barabara ikikatika ndipo bei inapopanda. Kama ni hivyo, wastani wetu unaficha wiki mbaya kabisa, kwa sababu wiki mbaya kabisa ndizo zisizoandikwa. Kulisema hilo kunahitaji dhana ambazo mtu anaweza kuzipiga nyundo. Kwa hiyo niliandika sura ya nne bila kulisema.

Msimamizi wangu aliirudisha baada ya siku tatu. "Sijaona kosa," alisema. Nikashukuru. "Sijaona na wewe pia," akaongeza. "Ukienda hivi utafaulu, na hakuna atakayeisoma."

Nilimjibu kwamba udhamini wangu unaisha Mei na sina muda wa kukosea. Nilipotoka ofisini kwake nilijisikia ninavyosema: pasi fupi, tujipange, pasi fupi, huku saa inakwenda.

Februari nilimpelekea sura mpya yenye dai lenyewe ndani yake. Imerudi na wino mwingi. Dhana moja kati ya tatu ni mbovu, na amenionyesha kwa mistari miwili kwa nini. Nimeona aibu kidogo. Mbili zimesimama mpaka sasa. Nina wiki sita. Mwenzangu wa nyumba ameniuliza kama nimefanya uamuzi wa busara, na nimemwambia sijui, maana daftari bado halijafungwa. Ile karatasi ya mechi nne na pasi moja bado iko juu ya meza, na chini yake nimebandika ukurasa wa sura ya nne wenye wino mwingi kuliko yote.